Fundi Brashi Anajibu: Picha tisa za ubaya, tatu za wema

Toleo hili naomba radhi kwa walioniuliza jinsi ya kutoa rangi ya mafuta kwenye sare ya shule, na kwa yule baba wa Chamwino ambaye ukuta wake unamenyeka kwa chumvi. Mtasubiri. Tangu nishushe picha zangu pale Area C, barua na ujumbe zinazofika ofisini ni za jambo moja tu, na nyingine zimeandikwa kwa hasira.

Kwa ambao hamkufika: zilikuwa picha 12, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, zimetundikwa wiki tatu kwenye ukumbi wa kukodi ambao Jumamosi hugeuka kuwa wa kicheni pati. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nilikuwa nazishusha, na Jumapili nazipandisha tena. Mada ilikuwa wema na ubaya wa watu wa siku hizi, hapa hapa Dodoma. Mimi si msomi wa sanaa. Nimeandika mabango ya saluni, bucha na gereji za mji huu kwa zaidi ya miaka 30, picha nimezianza ukubwani. Haya, barua.

*Shikamoo Fundi. Niko mwaka wa pili hapa UDOM. Nimezihesabu picha zako: tisa za ubaya, tatu za wema. Na katika hizo tatu, moja ni madumu ya maji tu, hata mtu hamna. Unaona watu wa Dodoma ni wabaya kiasi hicho, au rangi ya wema ilikuishia? — Mwenye Kuhesabu*

Marahaba mwanangu. Umehesabu sawasawa. Na rangi haikuisha, mpango wangu ulikuwa sita kwa sita.

Picha ya kwanza ya wema niliyoichora ilikuwa mama anamlisha uji mtoto wa jirani. Nilikaa nayo siku tisa. Nikampa mama tabasamu, nikampa mtoto mashavu, nikaliingiza jua dirishani. Nilipoiegemeza ukutani ikauke, mke wangu akapita na ndoo yake, akasimama, akauliza: "Hili tangazo la sabuni gani?" Jioni ile ile niliipiga msasa. Ya pili ilikuwa kijana anamvusha bibi kizee barabara. Hiyo ikatoka kama bango la Wiki ya Nenda kwa Usalama. Ya tatu hata siisemi.

Wakati huohuo ubaya ulikuwa unajichora wenyewe. Siri yake ni kwamba ubaya una kitu mkononi. Mcheza kamari ana mkeka wake wa kubeti, na simu iliyobaki chaji asilimia nne. Dalali ana karatasi moja ya kiwanja na wateja watatu wa kiwanja hichohicho. Tapeli ana ule ujumbe wake, "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukishakichora kile kitu, mtazamaji anamalizia mwenyewe, tena kwa kucheka. Lakini mwenye duka ambaye hakupandisha bei ya sukari Ramadhani, utamchoraje? Amesimama dukani kwake. Nyuma yake kuna sukari. Wema wa namna hiyo ni mkono ambao haukunyooshwa, na mkono ambao haukunyooshwa unafanana na mkono wowote ule.

Sikuwa wa kwanza kukwama hapo. Miaka ya themanini padri mmoja mzee, Mwitaliano, alinipa kazi ya kupaka rangi kanisa la kigango, na tulipomaliza akanizawadia kitabu cha picha kilicholiwa na mchwa pembe moja. Ndani mlikuwa na kazi za mchoraji Giotto, zilizoko kwenye kanisa dogo mjini Padova, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 1305. Chini kabisa ya kuta, pale ambapo fundi kama mimi angepiga rangi nyeusi ya kuficha uchafu wa viatu, Giotto amechora wema saba ukuta huu na ubaya saba ukuta ule, wanatazamana, wote kwa rangi ya kijivu kama sanamu za mawe. Yeye aliziweza saba kwa saba. Lakini jiulize utakayemkumbuka ni yupi. Wivu kachorwa mwanamke mwenye masikio makubwa, mkono mmoja umebana mfuko wa hela, wa pili umenyooka unataka zaidi, miguuni moto unawaka. Mdomoni mwake anatoka nyoka, na yule nyoka haendi kumuuma jirani. Anapinda, anarudi, anamuuma mwenyewe machoni. Imepita miaka 700 na ushee, nami nimekaa kitandani saa tano usiku natazama status ya fundi mwenzangu aliyepata kazi ya mabango kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na kichwa cha nyoka nakiona kabisa kinakuja.

Wema wake nao wazuri, sisemi. Upendo ameshika bakuli la matunda, chini ya miguu anakanyaga mifuko ya fedha. Nimeitazama picha ile mara nyingi kwa nia njema. Bado nikifumba macho anayekuja ni yule nyoka.

Sasa turudi kwenye madumu, ambayo umeyaita "madumu tu".

Mtaani kwetu maji ni ya mgao. Yakija, huja usiku wa manane. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu hupanga madumu kwenye kioski, kisha hurudi kwao kupika na kulala. Nilikwenda pale jioni nne mfululizo na penseli. Hayo uliyoyaona ni madumu 23, nimeyachora moja moja kama watu waliokuja kupigwa picha ya pasipoti. La tatu limezibwa kwa gunzi. La saba limefungwa kipande cha kanga kwenye mkono. La kumi na moja limeandikwa BABA NEEMA kwa msumari wa moto. Na kama hukuangalia mbele kabisa, nafasi ya kwanza haina dumu, ina tofali. Kuna mtu aliwahi kuliko wote ila hana chombo, akaweka tofali akaenda kuazima. Jioni zote nne tofali lilikuwepo, lile au ndugu yake. Hakuna aliyelisogeza. Hakuna mlinzi, hakuna taa, maji yenyewe huyajui kama yatafika dumu la kumi, na watu wazima na akili zao wanaheshimu tofali.

Hiyo ndiyo picha iliyonichukua muda mrefu kuliko nyingine zote 11. Mpaka tunafunga ukumbi, watu watatu tu walisimama mbele yake zaidi ya dakika moja. Mmoja alikuwa fundi bomba.

*Kaka Fundi, salaam. Nauza vitunguu Majengo mwaka wa 14 huu. Ile picha ya lumbesa umeikosea mara mbili. Kwanza, umechora gunia limejaa mpaka mdomoni likashonwa. Hilo si lumbesa, hilo ni gunia. Pili, umemchora mnunuzi anacheka. Shambani mnunuzi hacheki, anakunja uso kama kafiwa, maana akicheka bei inapanda. — Mama Vitunguu*

Dada yangu, nimekubali yote mawili. Kwa wasiofahamu: gunia likishajaa, juu yake hufumwa kichwa cha kamba au kipande cha gunia jingine, kikajazwa nacho, likatoka dude lenye kifua na kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila mtu sokoni anaijua sheria hiyo kama anavyojua wimbo wa taifa, anauimba huku akifuma kichwa.

Ujumbe wako wa kwanza ulinifikia picha ikiwa bado ukumbini, nikaja Majengo kesho yake asubuhi kutazama kwa macho yangu. Nikakuta magunia mawili ya vitunguu yameegemezwa, vichwa vyake virefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Nikarudi, nikafuta uso wa mnunuzi, nikamkunja. Ndita mbili juu ya pua, na jicho moja kwenye kamba. Ikapendeza mno. Shida ikawa kichwa cha gunia. Nilipoanza kukipandisha, hadibodi ikaisha. Picha yenyewe haikuwa na nafasi ya kilemba. Nikachukua kipande cha upana wa mkono mmoja, nikakiunga juu kwa gundi na vipande vya mbao kwa nyuma, nikapiga praima, nikaendelea.

Nilipoipeleka kwa fundi wa fremu, akaipima kwa futi yake, akaniuliza: "Hii tuhesabu fremu moja au moja na nusu?"

Nikajisikia nasema, bila hata kufikiri: "Picha ni moja tu, ndugu yangu."

Akanitazama. Akaitazama picha. Nililipa fremu moja. Najua anasoma gazeti hili, kwa hiyo Jumatatu nitapita.

*Baba Fundi, leo sikusalimii. Mimi ni mama ntilie, Nkuhungu. Wenzangu wa kikundi wamekwenda kwenye maonyesho yako wakarudi wananicheka: picha ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ni mimi. Kitenge cha bluu cha ndege ni changu. Hilo ningesema la duka. Lakini ndala moja ya kijani na moja nyekundu, mji huu mzima navaa mimi peke yangu. Nani alikupa ruhusa? — Mwenye Ndala*

Mama yangu, naomba nikusalimie mimi, japo hukutaka. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na sina utetezi wa maana.

Kitenge ni cha duka kweli, nilikinunua kipande nikakitundika karakana ili nichore ndege wake. Ndala ni zako. Nilikuona kituo cha daladala, umekaa juu ya ndoo yako ya maharage umenyoosha miguu, kijani kushoto, nyekundu kulia. Ukiwa fundi rangi ukaona kijani na nyekundu ya namna ile, zimekaribiana, na vumbi la kahawia chini yake, moyo unaruka. Sikukufikiria wewe hata kidogo, nilifikiria rangi. Ndiyo kosa lenyewe. Nilikuibia ndala mguuni nikaenda kumvisha mtu mwenye aibu, kisha nikamtundika ukutani wiki tatu.

Ukitazama sasa, ndala zote mbili ni za bluu. Nilizipaka usiku wa siku nilipopata barua yako, kwa taa ya simu, na kwa kweli picha imepoa. Iko karakana, ukitaka uje uione kwanza kabla haijatoka tena, na ukisema isitoke haitatoka.

Ila kuna kitu kimoja kwenye picha ile ambacho wenzako hawakukiona. Ule mkono unaotia sahihi fomu. Mwili ni wa mama, kitenge cha mama, lakini gumba la mkono halina ukucha. Ukucha huo niliupoteza kwa mfuniko wa kopo la rangi la lita nne. Mkono ni wangu.

Hela ya kununulia rangi za maonyesho haya niliikopa kwa watu hao hao wa kausha damu. Nilisaini 300,000. Mkononi ikaja 270,000, nyingine ikaitwa ya fomu. Marejesho 45,000 kila wiki kwa wiki 10. Piga hesabu mwenyewe, mimi niliipiga nikiwa nimeshasaini. Dhamana ilikuwa televisheni na baiskeli. Wiki ya saba nilikosa, na siku hiyohiyo saa tisa wakaja vijana wawili, wenye adabu kabisa, wakaamkia, wakakaa barazani kwangu wakila karanga. Hawakutukana. Walikula karanga tu, maganda wakayapanga kwenye ukingo wa baraza, mpaka mke wangu akaingia ndani akafungua kile kibubu tulichokuwa tunamwekea binti yetu nauli ya chuo. Ndiyo maana kwenye picha hakuna mkopeshaji, hujamwona popote. Kuna kikokotoo mezani na maganda ya karanga.

Nilitaja juu kanisa la Padova. Lilijengwa na tajiri aitwaye Enrico Scrovegni. Baba yake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji wa riba, tena wa kutajika, mpaka mshairi Dante, katika utenzi wake, akamweka motoni pamoja na wala riba wengine. Jina hakulitaja. Alimvika shingoni mfuko wenye nguruwe jike wa buluu, alama ya ukoo wao, na kila mtu akajua ni nani. Kwa hiyo na yeye alichora ndala, mama. Ila wa kwake alikuwa mkopeshaji, mimi nikaenda kumvisha mkopaji. Wengi husema mtoto alijenga kanisa kuosha fedha ya baba. Inawezekana. Ninachojua ni kwamba rangi ya nyoka wa wivu ililipwa kwa fedha ya ukoo wa riba, na rangi ya madumu yangu 23 vilevile.

*Mbona hujachora wabunge? Uliogopa? — Mdau, Kisasa*

Swali hili nimeulizwa na watu wengi sana, na wote waliuliza huku wameipa mgongo picha ya umbea. Watu wanapenda ubaya uliopanda V8, unapita haraka.

Lakini nikujibu. Mjini Siena, Italia, mwaka 1338 na 1339, fundi mmoja aitwaye Ambrogio Lorenzetti alipewa kuta za chumba walimokutana watawala tisa wa mji. Upande mmoja akachora mji wenye utawala mwema: wajenzi wako juu ya paa, wafanyabiashara wanaingia, watu wanacheza ngoma barabarani. Upande wa pili mtawala mwovu ana pembe, na Haki amefungwa kamba miguuni pake. Wakubwa wakawa wanakaa kati ya kuta hizo kila siku ya kikao. Wakinipa ukuta, nitachora. Brashi ninazo, na kwa kazi hiyo sitadai malipo ya awali.

*Fundi, habari za huko mjini. Nimesikia umekodi ukumbi kuonyesha picha za watu wema na wabaya. Sisi huku Kolo tuna picha kwenye miamba, hazilipiwi ukumbi. Mwanangu ameniuliza: zile nazo zilikuwa za wema na ubaya? Nikakosa jibu. — Baba wa Kondoa*

Ndugu yangu, umenigusa kidonda, maana kodi ya ukumbi ilikuwa kubwa kuliko rangi.

Huko kwenu nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa kijana, barabara bado ya vumbi, basi likatuachia njiani. Mara ya pili juzijuzi, kwa lami ya Babati, na magoti ya mtu mzima. Kwa wasomaji wa mbali: ni vilima vya kaskazini mwa mji wa Kondoa, mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, na UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mama Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono, kipande kwa kipande, kazi ambayo mimi namheshimu kwa shingo tu, maana najua inavyouma ukitazama juu saa nzima na penseli.

Mwanao amekuuliza swali ambalo wakubwa wamegombania. Pale Kolo kuna picha moja mashuhuri: watu watano wembamba kama fito, wa rangi nyekundu, wa katikati kama anavutwa huku na wawili, na huku na wawili. Wapo waliosema huo ni utekaji, wawili wanamwiba, wawili wanamnusuru. Wapo wanaosema si hivyo, ni ngoma, au ni mtu anatibiwa, wote wanne wamemshika asianguke. Picha ni hiyohiyo. Mikono ni ileile. Ukisoma hivi ni ubaya mtupu, ukisoma vile ni wema wa kijiji kizima.

Nilisimama pale mpaka mwongozaji akakaa chini. Aliyechora hakuandika chochote. Mimi kwenye ukumbi wangu chini ya kila picha nilibandika karatasi yenye herufi kubwa: KAMARI, UMBEA, WIVU. Ni ugonjwa wa waandika mabango, tunaogopa mteja asijue bucha ni bucha. Nilivyorudi kutoka Kolo karatasi zile nilizibandua, na siku mbili za mwisho watu walikaa ukumbini muda mrefu zaidi, wakibishana. Kijana mmoja alibisha mpaka akatoka jasho kwamba yule dalali wangu mwenye wateja watatu ni mzee wa ukoo anagawa urithi kwa haki.

Mwambie mwanao ajibu mwenyewe, halafu aniandikie. Barua ya mtoto naijibu kwanza. Na uwaombe wazee ruhusa kabla ya kumpandisha, maana mahali pengine huko bado watu huenda kwa matambiko yao, usije ukafika katikati ya shughuli ya watu na simu mkononi.

*Shikamoo mzee. Niko Mpwapwa, nimemaliza kidato cha nne, nachora kwa penseli ila rangi sina, kanvasi bei siiwezi. Nianzie wapi? — Kijana wa Penseli*

Marahaba. Kanvasi isahau kwanza. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi nyingi za mkono, na mwaka 1968 hapo Dar es Salaam akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo picha za mtindo huo zinaitwa kwa jina lake. Hakusubiri kanvasi.

Nenda duka la mbao, ununue shiti moja ya hadibodi, ile ya futi nane kwa nne. Mwambie akukatie papo hapo vipande vya futi mbili kwa mbili, unapata vinane bila kubaki hata kijiti. Chora upande laini. Usugue kidogo kwa msasa laini, si kwa nguvu, ili rangi ishike. Piga rangi nyeupe ya chini mara mbili, ukiacha ikauke kati ya mara na mara. Rangi ya mafuta nunua makopo madogo manne: nyekundu, njano, bluu, nyeusi. Nyeupe unayo tayari. Kijani na kahawia utazichanganya mwenyewe, na katika kuchanganya ndiko utakakojifunza zaidi kuliko kwenye kitabu chochote. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiimwage ovyo na usikae nayo chumba kimefungwa, kichwa kitakuuma na mama yako atakufukuza, na atakuwa na haki.

Brashi ya nywele ikiisha usiitupe. Ninayo moja iliyobaki nywele kama kumi, ndiyo niliyochorea kamba za lumbesa.

Sasa jambo ambalo wa Dar hawatakwambia. Huku kwetu adui ni vumbi. Mwezi wa nane na wa tisa upepo ukianza saa nne asubuhi, chochote chenye unyevu ni mtego. Picha ya rangi ya mafuta inahitaji siku nzima kukauka juu juu, na katika siku hiyo Dodoma yote itapita ikae. Mimi huchora usiku, upepo ukitulia, baada ya kumwagia sakafu maji kidogo. Ikiingia chembe, usiitoe kwa kidole, utaacha kovu. Iache ikauke, kisha ikwangue kwa wembe. Kwenye picha ya madumu vumbi niliacha makusudi, ukiligusa dumu la tano linakwaruza kama la kweli.

Na ukimaliza usiku, ifunike kwa boksi lisiloigusa. Usifunike kwa gazeti. Mimi niliifunika picha ya kamari kwa gazeti la michezo, likaganda, nikalibandua asubuhi na maji ya moto na maneno yasiyofaa. Mpaka leo ukisogea karibu, upande wa kulia, juu ya bega la yule kijana mwenye mkeka, unasoma matokeo ya mechi, yamegeuka kinyume.